Kifaransa cha barabarani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na madereva waendao Ufaransa

Nimeendesha gari dogo la mizigo nchini Ufaransa kwa miaka kadhaa, na kila mara jamaa zangu wanapojiandaa kuja hunipigia simu na maswali yaleyale. Nimeyakusanya hapa. Mambo ya sarufi nimeyaacha kando. Yaliyomo ni maneno ambayo, ukiyakosa, mkono unakosea usukani au pochi inatoboka.

Je, ni lazima nijue Kifaransa ndipo niweze kuendesha huko?

Hapana. Alama nyingi za barabarani ni picha, na picha hizo ni zilezile karibu Ulaya nzima. Hata ile ya kusimama imeandikwa STOP. Kinachowaponza wageni ni kibao kidogo cha mstatili kinachotundikwa chini ya alama, chenye neno moja au mawili, ambacho hubadilisha maana ya alama yote iliyo juu yake.

Anza na neno *sauf* (tamka "sof"), maana yake "isipokuwa". Ukiona duara jekundu lenye mstari mweupe, yaani hairuhusiwi kuingia, kisha chini yake *sauf riverains*, ina maana wakazi wa mtaa huo wanaruhusiwa. Wewe mgeni huruhusiwi, hata kama gari la mbele yako limeingia bila wasiwasi. *Sauf bus* ni isipokuwa mabasi, *sauf livraisons* ni isipokuwa wanaoshusha mizigo, *sauf cyclistes* ni isipokuwa baiskeli. Hili la mwisho liogope kwa namna yake: baiskeli zinaweza kukujia uso kwa uso katika mtaa wa njia moja, na zina haki.

La pili ni *rappel*, "ukumbusho". Linawekwa chini ya alama ya kasi. Linakuambia kwamba kikomo hicho kilikwisha kutajwa nyuma na bado kinaendelea. Wengi hulisoma kama jina la kijiji.

Kuna neno gani moja ambalo hukosewa kuliko yote?

*Tout droit* na *à droite*. La kwanza ni "moja kwa moja", la pili ni "kulia". *Tout droit* hutamkwa "tu drwa", bila t mwishoni. *À droite* hutamkwa "a drwat", na hiyo t inasikika. Tofauti yote imebebwa na herufi moja ya mwisho.

Wiki yangu ya kwanza nilimuuliza mama mmoja aliyekuwa akimwagilia maua getini kwake. Akanijibu kwa upole, *tout droit, tout droit*, mara mbili, akisukuma hewa mbele kwa kiganja. Mimi nilishajifunza kwamba *droite* ni kulia, nikakata kulia. Dakika ishirini baadaye nilikuwa kwenye kijia cha shamba kinachoishia kwenye ghala, na mzigo wa watu ulikuwa ukisubiriwa. Kiganja chake kilikuwa kimeniambia kila kitu. Sikukitazama kwa sababu nilikuwa nikisikiliza neno nililolijua nusu.

Kwa hiyo tega sikio mwishoni mwa neno, na utazame mkono. Kushoto hakuna utata: *à gauche*, "a gosh". Ukibaki na shaka, rudia ulichosikia huku ukionyesha kwa mkono wako: *Tout droit, comme ça?* Yaani, moja kwa moja, hivi? Mtu atakusahihisha palepale.

Nitamkeje hiyo r yao?

Msemaji wa Kiswahili ana bahati hapa. R ya Kifaransa hutoka kooni, jirani kabisa na gh yetu ya "ghali" na "lugha". Ukisema *rue* (mtaa) kwa gh laini utaeleweka kuliko ukiiviringisha kwenye ulimi.

Priorité à droite ni nini, na kwa nini kila mtu ananionya kuihusu?

Ni kanuni kwamba penye makutano yasiyo na alama yoyote, anayetokea kulia kwako ndiye mwenye haki ya kupita kwanza. Hata kama wewe uko kwenye barabara pana na yeye anachomoza kwenye kichochoro. Anajua ana haki, kwa hiyo mara nyingi hapunguzi mwendo. Vijijini na kwenye mitaa ya zamani ya miji jambo hili ni la kila siku.

Tafuta dalili tatu. Alama ya pembetatu yenye X nyeusi inakuonya kuwa makutano yajayo yanafuata kanuni hiyo. Almasi ya njano yenye ukingo mweupe inakuambia uko kwenye barabara yenye kipaumbele, basi usihofu vichochoro. Almasi hiyohiyo ikiwa imekatwa kwa mstari, kipaumbele chako kimekwisha na unarudi kumpisha wa kulia. Ile iliyokatwa ndiyo watu huipita bila kuiona, kwa kawaida pale unapoingia mjini.

Maneno ya kushika: *cédez le passage* ni "pisha", na *vous n'avez pas la priorité* ni "wewe huna kipaumbele".

Na kwenye mzunguko?

*Rond-point* ndiyo mzunguko, ule ambao kwa Kiswahili wengine huuita kipilefti, ingawa Ufaransa unauzunguka kwa upande wa kulia wa barabara na magari yanakujia kutoka kushoto. Mizunguko karibu yote ina kibao cha *cédez le passage* au *vous n'avez pas la priorité* mlangoni. Aliyemo ndani apite kwanza, wewe usubiri.

Pasipo na kibao hicho, kanuni ya kulia inarudi na mambo yanageuka: anayeingia ndiye mwenye haki. Mfano unaojulikana dunia nzima ni uwanja wa Charles-de-Gaulle mjini Paris, kuzunguka tao la Arc de Triomphe, ambako barabara 12 zinakutana. Hapo walio ndani ndio wanaowapisha wanaoingia. Kama huna sababu ya kupita hapo, pita kwingine.

Kwenye vibao vya kutoka utakuta *toutes directions*, "pande zote", na *autres directions*, "pande nyingine". Wageni hucheka wakiona neno "pande zote" kwenye mshale mmoja, lakini linasaidia sana. Kama mji unaouendea haujaandikwa popote, na hutaki *centre-ville* (katikati ya mji), fuata *toutes directions* au *autres directions*. Njia hiyo itakutoa mjini na kukufikisha penye vibao vikubwa.

Nikifika kituo cha mafuta, niweke nini?

Hapa soma polepole, kwa sababu Kiswahili chenyewe kitakudanganya.

Petroli yetu kwa Kifaransa ni *essence* ("esans"). Neno *pétrole* lipo, ila maana yake ni mafuta ghafi, au mafuta ya taa. Ukimwambia mtu unataka *pétrole* atakushangaa. Dizeli ni *gazole*, na wengi bado huandika na kusema *gasoil*. Mtu aliyezoea Kiingereza cha Marekani akisikia *gasoil* hudhani ni petroli, akajaza dizeli kwenye gari la petroli. Nimeona gari likivutwa kwa kosa hilo, likiwa limetoka kituoni na kwenda mita mia chache tu.

Petroli zimeandikwa SP95, SP98 au SP95-E10; herufi SP ni *sans plomb*, "isiyo na risasi". Tangu Oktoba 2018 pampu zote za Umoja wa Ulaya zina alama za umbo: duara ni petroli (E5, E10, E85), mraba ni dizeli (B7, B10), almasi ni gesi. Fungua kifuniko cha tangi uone duara au mraba kabla hujashika bomba. Angalia pia kwamba E85, *superéthanol*, ni ya magari yaliyotengenezwa kuipokea. Bei yake ya chini isikushawishi.

Kumwambia mhudumu akujazie: *Le plein, s'il vous plaît.* Kulipa: *Pompe numéro trois.* Ila kabla ya lolote kati ya hayo, *Bonjour*. Nasisitiza hili kwa sababu Mfaransa usipomwamkia kwanza huona umemvunjia heshima, na msaada unapungua hapohapo.

Kuna maneno mengine yanayofanana na yetu ilhali si yenyewe?

Yapo, na yanakera. *Break* si breki. Ni gari lenye sehemu ndefu ya mizigo nyuma. Breki ni *freins*. *Vitesse* ni kasi, na pia ni gia, kwa hiyo fundi akitaja *boîte de vitesses* anazungumzia giaboksi. *Feu* ni moto, na pia ni taa: *feu rouge* ni taa nyekundu, *au feu, à gauche* ni "ukifika kwenye taa, kushoto", na *feux de croisement* ni taa za chini za gari. Kwenye lango la handaki utaona *allumez vos feux*. Hakuna anayekuambia uwashe moto, washa taa.

Na ninapokodi gari?

*Caution* si onyo, ni amana wanayoizuia kwenye kadi yako. *Franchise* ni kiasi utakachobeba mwenyewe gari likiumia kabla bima haijalipa chochote. Uliza ni euro ngapi kabla ya kutia saini. *Kilométrage illimité*, kilomita bila kikomo. *Boîte manuelle* au *automatique*, gia za mkono au za kujibadili zenyewe.

Kabla ya kuondoka lizunguke gari pamoja na mhudumu, na kila mkwaruzo (*rayure*) na kila mbonyeo (*bosse*) uandikwe kwenye karatasi. Usikubali aseme tu "si kitu". Piga picha.

Vibao vya kasi vinasomwaje?

Namba ni namba, lakini mengine hayaandikwi. Kibao cheupe chenye jina la mji na ukingo mwekundu ni kikomo cha kilomita 50 kwa saa, hata kama hakina namba. Jina hilohilo likiwa limekatwa, mji umekwisha. Nje ya miji, barabara ya njia mbili zisizotenganishwa ni 80 tangu Julai 2018, ingawa baadhi ya mikoa imerudisha 90 kwenye barabara fulani na huko kutakuwa na kibao. Barabara kuu ya *autoroute* ni 130, na *par temps de pluie*, wakati wa mvua, ni 110. Ukungu ukikuzuia kuona zaidi ya mita 50, kikomo ni 50 kila mahali. Mjini Paris mitaa mingi sana ni 30.

Maneno ya tahadhari utakayokutana nayo: *travaux* (kazi za ujenzi), *déviation* (njia ya kuzunguka), *route barrée* (barabara imefungwa), *chaussée déformée* (barabara imeharibika), *gravillons* (kokoto), *verglas* (barafu nyembamba isiyoonekana juu ya lami). Ukiona *verglas*, ondoa mguu kwenye mafuta taratibu na usikanyage breki kwa ghafla.

Kwenye barabara ya kulipia nifanye nini?

Lango la kulipia ni *péage*. Chagua njia kwa kutazama juu yake. Mshale wa kijani hupokea malipo ya namna mbalimbali. *CB* (*carte bancaire*) ni kadi za benki. Herufi t ya rangi ya chungwa ni *télépéage*, ya wenye kifaa cha kulipa kwa mbali. Kama t iko peke yake, usiingie huko.

Mara nyingi unachukua tiketi mwanzoni na kulipa unapotoka. Kuipoteza kunagharimu: unaweza kutozwa kama aliyetoka mbali kuliko wote. Mashine ikikataa, usirudi nyuma kwa namna yoyote. Bonyeza kitufe cha kuita msaada na useme: *Bonjour, ma carte ne passe pas*, kadi yangu haikubali. Au: *J'ai perdu mon ticket*, nimepoteza tiketi.

Kuna jambo jipya linalowakamata wageni wengi: *flux libre*. Hapo hakuna lango wala kizuizi, kamera inasoma namba ya gari nawe unaendelea. Barabara kuu ya A79 ilianza kuitumia mwaka 2022, na mwaka 2024 ikafika A13 na A14 kati ya Paris na Normandie. Una saa 72 za kulipa kwenye intaneti. Anayedhani amepita bure huletewa faini nyumbani.

Wakitaja namba siwaelewi kabisa. Nifanyeje?

Sabini kwa Kifaransa ni "sitini na kumi" (*soixante-dix*), themanini ni "ishirini nne", yaani ishirini mara nne (*quatre-vingts*), tisini ni "ishirini nne na kumi" (*quatre-vingt-dix*). Mtu akisema barabara D soixante-quinze, ni D75. Usione haya kumwomba aandike: *Vous pouvez l'écrire?* Herufi ya mbele nayo inakusaidia: A ni *autoroute*, N ni barabara ya kitaifa, D ni ya mkoa. Vibao vya bluu vinakupeleka kwenye *autoroute*, vya kijani kwenye barabara kubwa nyingine, vyeupe kwenye sehemu za karibu.

Nikitaka kuegesha?

*Stationnement interdit*, usiegeshe. *Gênant*, gari lako linazuia wengine, na kwa kawaida huambatana na picha ya gari likivutwa. Gari lililovutwa hupelekwa *fourrière*. Jifunze neno hilo kwa ajili ya kumuuliza polisi lilipo.

*Payant* ni ya kulipia, *gratuit* ni bure, *complet* ni pamejaa. Mashine ya mtaani ni *horodateur*, na nyingi hutaka namba ya gari lako. Usipolipa, tangu 2018 si faini ya polisi tena bali ni malipo ya manispaa yaitwayo FPS, na hayasameheki kwa kuwa mgeni. *Zone bleue* ni bure kwa muda maalumu, ila lazima uweke nyuma ya kioo *disque*, karatasi ya kuonyesha saa uliyofika. Mwenye gari refu asome *hauteur limitée* kabla ya kushuka kwenye maegesho ya chini ya ardhi.

Polisi wakinisimamisha?

Barabara za vijijini na *autoroute* mara nyingi ni za *gendarmes*, mijini ni *police*. Wakisema *coupez le moteur*, zima injini. *Vos papiers*, hati zako: *permis de conduire* (leseni), *carte grise* (kadi ya gari) na, kwa gari lililosajiliwa nje ya Ufaransa, hati ya bima (magari yaliyosajiliwa huko hayadaiwi tena hati hiyo tangu Aprili 2024). *Soufflez*, puliza kwenye kipimo cha pombe. Kikomo ni gramu 0.5 kwa lita ya damu, na 0.2 kwa wenye leseni ya majaribio. Kushika simu mkononi ukiendesha ni euro 135. Faini ni *amende*, na watu mitaani huiita *PV*, "pe ve".

Jibu kwa *Bonjour madame* au *Bonjour monsieur*, na tumia *vous*, "wewe" ya heshima. *Tu* ni ya rafiki na mtoto.

Gari likiniharibikia?

*Je suis en panne*, gari limeniharibikia. *Panne sèche*, "kuharibika kukavu", ni kuishiwa mafuta. *J'ai crevé*, nimepata pancha. Jeki ni *cric*, na tairi la akiba ni *roue de secours*. Gari la kuvuta ni *dépanneuse*.

Kwenye *autoroute* utaratibu ni wa pekee. Simama kwenye *bande d'arrêt d'urgence*, ukanda wa dharura. Vaa fulana ya kung'aa, *gilet*, kabla hujashuka. Sheria inataka iwe karibu na mkono wako, si kwenye buti. Abiria wote washukie upande wa kulia na wakae *derrière la glissière*, nyuma ya ule uzio wa chuma. Wasikae garini, hata kama kuna mvua. Kisha tembea hadi kwenye nguzo ya simu ya rangi ya chungwa. Ziko takriban kila kilomita mbili, nayo itawaonyesha wanaopokea simu ulipo. Huruhusiwi kumwita fundi wako mwenyewe pale; anakuja aliyeidhinishwa, kwa bei iliyopangwa na serikali. Dharura ya mtu kuumia ni 112.

Ukifika gereji, *le voyant s'est allumé* ni "taa ya onyo imewaka", *elle ne démarre pas* ni "haliwaki", *il y a une fuite* ni "kuna kinachovuja". Usiache ufunguo bila *devis*, makadirio ya bei kwa maandishi. *Vidange* ni kubadilisha oili.

Kwa nini wanazungumza habari za kuku na punda barabarani?

Hili ni swali ninalolipenda. Shimo la barabarani ni *nid-de-poule*, kiota cha kuku. Tuta ni *dos d'âne*, mgongo wa punda. Anayekupita kisha akakukata ghafla mbele yako amekufanyia *queue de poisson*, mkia wa samaki. Foleni ni *bouchon*, kizibo cha chupa. Eneo usiloliona kwenye vioo ni *angle mort*, pembe iliyokufa. Utaliona limebandikwa kwenye malori na mabasi kuwaonya waenda kwa miguu na baiskeli. Na *levez le pied*, inua mguu, ni "punguza mwendo". Ukiyaona hivyo hayasahauliki.

Nikigongana na mtu, ile karatasi ya constat naijazaje?

*Constat amiable* ni fomu mnayojaza nyinyi wawili palepale barabarani, na kampuni za bima huitegemea mno zinapoamua nani amekosa. Mmoja ni A, mwingine ni B. Katikati kuna mistari 17 ya mazingira ya ajali, nawe unatia alama upande wako tu. Ile inayoumiza wageni ni hii: *reculait* (alikuwa akirudi nyuma), *doublait* (alikuwa akipita gari jingine), *changeait de file* (alikuwa akihama njia), na wa 17, *n'avait pas observé un signal de priorité ou un feu rouge*, hakuheshimu alama ya kipaumbele au taa nyekundu. Mwenzako akikuonyesha kidole kwenye mstari wa 17 na kusema "weka hapa tu", jua unachokubali.

Mchoro (*croquis*) uchoreni kwa makini, pamoja na alama za barabarani zilizokuwapo. Mashahidi ni *témoins*. Andika majina yao kabla hawajaondoka. Sehemu ya *mes observations* ni yako, andika hapo usichokubaliana nacho. Kisha mnatia saini wote, na kila mmoja anabaki na nakala. Una siku tano za kazi kuifikisha kwa bima.

Fomu hii ina mpangilio na namba zilezile katika nchi nyingi za Ulaya. Kwa hiyo chukua nakala ya lugha unayoisoma vizuri, iweke kwenye kisanduku cha gari pamoja na kalamu inayoandika, na siku hiyo ikifika isome sambamba na ile ya Kifaransa, mstari kwa mstari. Ukiwa bado huelewi kilichoandikwa, sema *Je ne comprends pas, je ne signe pas*: sielewi, sitii saini. Mwambie kwa sauti ya kawaida, bila ugomvi, kisha piga simu kwa bima yako ukiwa bado mmesimama hapo.